Picha za Vita vya 1896 Katika Masanduku Yetu



Katika mkusanyiko wetu wa Idi wa mwaka uliopita familia tatu zilileta ukumbini picha za vita vya Unguja vya mwaka 1896, na kila moja ilishikilia kwamba yake ndiyo ya asli. Kukazuka ubishi, ubishi wa kheri wenye kicheko ndani yake, mpaka kamati ya kitabu hiki ikanigeukia mimi, kwa kuwa inajulikana kuwa nina wazimu wa kukusanya picha za zamani kwa zaidi ya miaka arobaini. Nikaombwa niandike kurasa chache nieleze picha ya vita hujulikanaje kuwa ni ya kweli. Nimekubali, ingawa itanibidi kuitoa hadharani aibu moja ya nyumbani kwetu, ambayo shangazi yangu marehemu, Mungu amrehemu, alinipa ruhusa kuieleza.

Kwanza, vita vyenyewe, kwa ajili ya vijana waliozaliwa huku Uingereza. Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki Jumanne tarehe 25 Agosti, 1896. Siku hiyo hiyo Seyyid Khalid bin Barghash aliingia katika majumba ya kifalme pale pwani akashika utawala bila ya idhini ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Basil Cave, aliyekaimu ubalozi wa Kiingereza, akampa muda mpaka saa tatu ya asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27, ateremshe bendera na atoke. Hakutoka. Bandarini zilikuwapo manowari tano chini ya Admeri Harry Rawson: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Ilipotimia saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza kulia. Wako waliohesabu dakika 38 na wako waliohesabu 45, lakini hakuna aliyefikisha saa moja. Waliouawa na kujeruhiwa majumbani, wanaume kwa wanawake, hukadiriwa kuwa kiasi cha watu 500, wengi kwa moto ulioshika mbao na dari. Upande wa pili aliumia vibaya baharia mmoja. Seyyid Khalid alikimbilia ubalozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza wakamkamata mwaka 1916 wakamhamishia visiwa vya mbali, na mwisho alifia Mombasa mwaka 1927.

Sasa uifikirie kazi ya mpiga picha siku ile. Unguja haikuwa na upungufu wa mafundi. Duka la A. C. Gomes, Mgoa, lilikwisha kuwa na jina, na akina Coutinho nao walikuwapo. Lakini kamera ya fundi ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na sahani za kioo zilizotiwa dawa, kila sahani picha moja. Kamera ndogo za mkononi zilianza kuuzwa tangu 1888, na baadhi ya maofisa wa manowari walikuwa nazo. Hata hivyo, nani angesimama Forodhani na miguu mitatu huku makombora yanapita? Kwa sababu hiyo picha ninazoziamini mimi aghalabu ni za baada ya moshi kutulia: magofu ya Beit al-Hukm, askari wa Kiingereza wamejipanga kwenye mzinga walioteka, na milingoti ya meli iliyozama. Ukionyeshwa picha ya kombora linapasuka hewani na watu wanakimbia, chukua kioo cha kukuzia uitazame karibu. Mara nyingi utaona mistari ya kuchorwa, maana magazeti ya London yalikuwa na wachoraji wao, na kuna watu waliokata kurasa za magazeti hayo wakazitia fremu.

Wazee wetu waliosoma vyuoni watanielewa upesi nikisema kwamba picha ni kama hadithi. Wanavyuoni hutazama mambo mawili, sanadi na matini: nani kapokea kutoka kwa nani, na maneno yenyewe yanasema nini. Picha ya vita vilevile. Sanadi yake ni mikono iliyopitia, kutoka kwa aliyepiga mpaka kwako wewe uliyeishika. Matini yake ni yale yaliyomo ndani ya karatasi, yasiyojua kusema uwongo kwa kumpendeza mtu. Maandishi ya nyuma ya picha hayamo katika matini. Hayo ni maneno ya mpokezi, na mpokezi huweza kukosea. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, husoma nyuma kwanza halafu ndipo wanageuza kutazama mbele.

Kwa vita vyetu matini ina mashahidi wawili wazuri sana. Wa kwanza ni mnara. Kabla ya vita ulikuwapo mnara wenye saa na taa ya kuongozea meli, umesimama peke yake mbele ya majumba, upande wa bahari. Mizinga iliuharibu, na haukujengwa tena mahali pale. Beit al-Ajaib yenyewe, iliyojengwa 1883, haikuumia sana, na ilipotengenezwa mwaka 1897 ilitiwa mnara mpya wa saa, ule uliounganishwa na mbele ya jumba, ambao wengi wetu tumekua tukiuona. Beit al-Hukm iliyokuwa ubavuni mwake ikabaki kiwanja, pakafanywa bustani. Kwa hiyo picha yenye mnara uliojitenga ni ya kabla ya vita. Yenye mnara uliotoboka na jumba la jirani limeporomoka ni ya siku au wiki zilizofuata. Na yenye mnara uliokaa juu ya jumba lenyewe haiwezi kuwa ya siku ya vita, hata aliyeileta akila kiapo. Vijana wanaojua habari ya tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya jumba ilipoanguka pamoja na mnara huo wa pili, wafahamu kuwa sasa picha zimebaki kuwa shahidi wa minara yote miwili.

Shahidi wa pili ni Glasgow. Meli hii Seyyid Barghash aliiagiza kwa akina Denny wa Dumbarton, Uskochi, ikakamilika 1878. Siku ya vita ilithubutu kupiga mizinga yake ya salamu dhidi ya manowari za chuma, ikazamishwa papo hapo bandarini. Kwa kuwa maji hayakuwa marefu, milingoti yake mitatu ilibaki nje ya maji mpaka mwaka 1912 ilipovunjwa na kuondolewa. Basi ukiona picha ya bandari yenye milingoti mitatu imetoka majini bila ya meli chini yake, unajua imepigwa baina ya Agosti 1896 na 1912. Nimewahi kuuziwa picha kama hiyo kwa jina la Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyozamishwa bandarini humo na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba, 1914. Muuzaji alikuwa mtu mwema tu, alisikia kuwa kuna meli iliyozama Unguja akadhani ni moja. Lakini milingoti ya Glasgow ilikwisha kuondolewa miaka miwili kabla Pegasus haijazama, na hapo hapana haja ya kubishana.

Jambo moja dogo linalowapoteza wengi: sahani za zama zile hazikuweza kuona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi. Bendera ya Seyyid, ambayo ilikuwa nyekundu, huonekana katika picha hizo kama guo jeusi, na nimeona albamu iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba ikulu ilipandisha bendera nyeusi ya msiba wa Seyyid Hamad. Hapakuwa na bendera nyeusi.

Haya, sasa nyumbani kwetu.

Tulipotoka Unguja mwaka 1964 marehemu baba alibeba nguo, hati chache, na bati la biskuti lililojaa picha. Mengine yote yalibaki. Katika bati hilo ilikuwamo picha moja tuliyoiheshimu kuliko zote. Mwanamume mwenye kanzu, kilemba na jambia, ameshika bunduki, amesimama pwani, na nyuma yake Beit al-Ajaib. Nyuma ya picha imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili, jina la baba wa babu yangu na maneno haya: marehemu, asubuhi ya vita. Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wa waliofia ndani ya majumba siku ile. Hiyo ndiyo habari ya ukoo wetu, na sijapata hata siku moja sababu ya kuitilia shaka. Picha ilitundikwa ukutani kwa shangazi hapa Portsmouth, na kila Alhamisi ya usiku akimsomea Fatiha akiitazama.

Mwaka 1983 ndipo nilipoanza kujifunza mambo haya ya picha, na kwa ujuba wa mwanafunzi mpya nikamwomba shangazi niiteremshe niitazame kwa kioo. Sikuhitaji hata kioo. Mnara wa saa ulikuwa juu ya jumba. Moyo ulinishuka. Nikaitoa katika fremu, nikaona ubavu wa nyuma una mstari katikati, upande wa barua na upande wa anwani, kama kadi za posta za siku zote. Kadi za namna hiyo Waingereza waliziruhusu kuanzia 1902, na nchi nyingine baadaye. Kisha nikatazama maandishi. Wino ulikuwa wa kalamu ya bolpeni, ambayo haikuenea madukani ila baada ya 1945. Mashahidi watatu, wote wamekubaliana.

Nilikaa na habari hiyo wiki mbili nzima nisiseme. Mwishowe nikamwuliza kwa kuzunguka, "Shangazi, haya maandishi ni mkono wa nani?"

"Mkono wangu," akasema. "Niliandika mwaka aliofariki mama, nikihofia tusije tukasahau."

"Na mama aliambiwa na nani?"

Akaniambia kuwa mama yake aliambiwa na mkwewe, mjane mwenyewe wa marehemu, aliyeinunua kadi hiyo dukani. Nikamwomba anikumbushie maneno kama alivyoyasikia, neno kwa neno. Shangazi alikuwa anamimina kahawa. Akaweka dele chini akafikiri kwa muda. Kisha akasema polepole, "Mama alisema, bibi akiishika hii akisema, alikuwa akivaa kama huyu."

Tukatazamana. Neno lenyewe lilikuwa lile, kama. Lilikuwapo kwa mjane, likawapo kwa mkwewe, likadondoka baina ya mama na binti.

Shangazi akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Kwa hivyo mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nikimsomea Fatiha mtu nisiyemjua." Nikamjibu kuwa Fatiha alikuwa akiisoma kwa jina, na jina halikuwa na kosa. Akacheka kidogo. Kisha akanipa amri ambayo nimeishika mpaka leo: "Andika kweli. Lakini uandike katika karatasi mbali, uiweke pamoja nayo. Mwandiko wangu usiufute." Miaka ya baadaye niliwasikia watunzaji wa maktaba wakifundisha hayo hayo, kwamba andiko la zamani halifutwi hata likiwa na makosa, kwa kuwa nalo ni sehemu ya sanadi. Shangazi hakusomea popote.

Kadi ile ilirudi ukutani. Chini yake pana kijikaratasi: askari au mtumishi wa Seyyid, jina halijulikani, baada ya 1902 au karibu yake, mavazi kama aliyovaa marehemu, kwa ushahidi wa mjane wake. Mimi naiona ni picha yenye thamani zaidi sasa kuliko ilipokuwa na jina lisilo lake, maana tunajua kwa yakini jinsi mjane alivyomkumbuka mumewe.

Nimeona watu wakiudhika wakiambiwa picha yao si ya kweli, wakadhani wameitwa waongo. Sivyo. Kuna picha iliyopigwa kweli, mahali pa kweli, na bado ikadanganya. Wamarekani wanayo moja mashuhuri ya vita vyao vya Gettysburg vya mwaka 1863, ya Alexander Gardner, ambapo askari aliyekufa amelala kwenye ngome ya mawe baina ya majabali. Ilisadikiwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka mwaka 1975 mtafiti William Frassanito alipoonyesha kwamba maiti huyo huyo yumo katika picha nyingine za siku zile, mahali pengine. Wapiga picha walimbeba wakamlaza pale pazuri. Hivyo hata zile picha za 1896 za askari wa Kiingereza kwenye mzinga, ambazo mimi nazikubali kuwa ni za kweli, zikumbukwe kuwa wamepangwa. Wamesimama wima, wametulia, wanasubiri fundi afunge kamera. Ni picha za waliokwisha kushinda.

Na hapa pana uchungu ambao mkusanyaji wa kwetu haukwepi. Mwaka 1991 nilipata katika mnada mdogo ukurasa mmoja wa albamu ya baharia. Una picha mbili za magofu ya Beit al-Hukm, karatasi nyembamba ya ute wa yai iliyogandishwa juu ya kadi nene, imegeuka manjano kwenye sehemu nyeupe kama zinavyogeuka picha za zama zile, na chini yake tarehe kwa kalamu ya risasi. Nilizilinganisha na nyingine zinazojulikana, boriti kwa boriti. Sina shaka nazo. Nilichojutia ni kwamba muuzaji aliichana albamu akauza ukurasa mmoja mmoja, ili apate zaidi. Kurasa nyingine zilikwenda kwa watu nisiowajua, na jina la baharia, ambalo huenda lilikuwa kwenye jalada, likaenda nazo. Sanadi ilikatwa kwa mkasi, kwa ajili ya pauni chache.

Katika picha hizo paa limeanguka, nguzo zimesimama bila ya kubeba kitu, na mabaharia wawili wamesimama mlangoni mikono kiunoni. Hiyo ndiyo picha ya kweli tuliyo nayo ya mahali alipofia baba wa babu yangu. Yeye hayumo. Hamna hata mmoja katika wale 500.

Kwa wanaotaka kulinganisha picha zao, faida chache. Wengi hukimbilia Imperial War Museum ya London, lakini nyumba hiyo ilianzishwa 1917 kwa ajili ya Vita Vikuu vya Kwanza na vilivyofuata. Aliye na picha ya babu yake katika KAR kule Burma aende huko. Kwa manowari za 1896 afadhali Greenwich, kwenye jumba la mambo ya bahari. Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern kinayo makusanyo ya Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za baina ya 1860 na 1960, na nyingi zinaweza kutazamwa bila ya kusafiri. Na msisahau Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, pale Kilimani.

Kwa aliye na shaka ya karatasi: ikiwa kioo cha kukuzia kinaonyesha nukta nukta zilizopangana, hiyo imepigwa chapa, si picha ya dawa. Na ikiwekwa gizani chini ya taa ya miale ya urujuani ikang'aa nyeupe ya kibuluu, karatasi hiyo ni ya miaka ya 1950 au baadaye. Inaweza kuwa nakala ya picha ya zamani, na nakala nayo ina heshima yake, ila iandikwe kuwa ni nakala. Msiandike kwa bolpeni nyuma ya picha; shangazi alisamehewa, nyinyi hamna udhuru. Kalamu ya risasi, kwa mkono mwepesi, pembeni: nani amesema, alisikia kwa nani, na mwaka gani. Mkisikia neno "kama" liandikeni.

Picha zile tatu za ukumbini nimekwisha kuzitazama kwa idhini ya wenyewe. Moja ni ya Glasgow, safi, baina ya 1896 na 1912. Moja ni mchoro wa gazeti. Ya tatu ina mnara uliojitenga mbele, na mnara huo ni mzima, kwa hivyo ni ya kabla ya vita, na mbele ya lango la Beit al-Hukm wamekaa watu kama kumi kivulini, nyuso zao zinaonekana. Wenyewe walivunjika moyo kidogo kuambiwa kuwa si ya vita. Mimi nimeomba niletewe tena. Nataka kuipiga nakala kubwa, niitembeze kwa wazee waliobaki, hapa na Maskati na Dubai, kabla ya Idi ijayo, niulize kama yuko anayemjua hata mmoja. Mwenye picha ya pwani ile ya kabla ya Agosti 1896 aipitishe kwa kamati, au aniite nije mwenyewe. Asiitoe katika albamu yake. Kioo nitakuja nacho.